Dalali anunue nini kwanza: vifaa na vitabu vya kazi, kimoja kando ya kingine

Mwaka wangu wa kwanza katika udalali wa nyumba nilimwambia mteja kwamba sebule ina mita tano kwa tano. Nilikuwa nimeipima kwa hatua. Akatengenezesha kabati la ukutani kwa kuamini neno langu, na siku ya kuhamia kabati likagoma kuingia kwa sentimita kumi na moja. Hakunigombeza. Lakini tangu siku ile kila nilichomwambia alikwenda kukiuliza kwa mtu mwingine, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nyumba ni ya mwenye nyumba, fedha ni za mnunuzi. Alichonacho dalali katikati yao ni neno lake tu.

Ndiyo maana wanaoanza kazi wakiniuliza wanunue nini, sivipangi vifaa kwa bei wala kwa mvuto. Naviweka viwili viwili na kuuliza: kipi kitafanya ninachomwambia mteja kiwe kweli zaidi? Kwa kigezo hicho tepu ya fundi huishinda droni, na daftari linalojazwa kila jioni huishinda programu ya gharama ambayo hakuna anayeifungua.

Tepu, leza au simu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vipimo ndivyo vinavyotuaibisha mara nyingi zaidi.

| | Tepu ya chuma | Kipimo cha leza | Programu ya simu |
|---|---|---|---|
| Kosa la kawaida | milimita 1 hadi 2 kwenye mita 5 | milimita 1.5 hadi 3 | sentimita kadhaa |
| Watu wanaohitajika | wawili kwenye chumba kikubwa | mmoja | mmoja |
| Inaposhindwa | dari ya juu, kuta ndefu | jua kali, vioo | mwanga hafifu, kuta tupu |
| Inapofaa | milango, madirisha, makabati | vyumba na nyumba nzima | mchoro wa haraka |

Tepu nunua ya mita 5 au 8 yenye upana wa milimita 25, maana iliyo pana hunyooka hewani bila kukunjika ukiwa peke yako. Tazama mwanzoni mwa utepe kama imechapwa namba II ya Kirumi. Kwa kanuni za Ulaya alama hiyo ina maana kwamba kosa halizidi milimita 1.3 kwenye mita 5. Ile ndoano ya mwisho inayochezacheza si mbovu. Imeachwa ilegee makusudi, kwa kiasi cha unene wake yenyewe, ili kipimo kiwe kilekile ukiiangika kwenye ukingo wa meza au ukiisukuma ukutani. Nimeona watu wakiigonga nyundo ili itulie, na tangu hapo ama vipimo vya ndani ama vya nje vyote vinakuwa na kosa.

Leica ndiyo iliyotoa kipimo cha kwanza cha leza cha kushikwa mkononi, Disto, mwaka 1993. Siku hizi Bosch na wengine wengi wanavyo, vya bei zote. Ndani ya chumba, kifaa cha bei ya chini na cha bei ya juu hutofautiana kidogo mno kwa usahihi. Unacholipia zaidi ni umbali, na kamera ndogo inayokuonyesha nukta imeangukia wapi. Hiyo kamera ina maana ukipima nje, kwa sababu mchana wa jua kali nukta nyekundu haionekani kwa macho baada ya mita chache. Kama kazi yako ni vyumba vya ndani, usiilipie.

Kosa kubwa la leza ni la mtumiaji. Kifaa huweza kuanza kuhesabu kutoka kitako chake au kutoka kichwa chake, na kitufe cha kubadilisha hubonyezwa bila kujua. Urefu wa kifaa chenyewe, mara nyingi sentimita kumi na kitu, ukaongezeka au ukapungua kwenye kila chumba bila wewe kuona dalili yoyote. Mazoea yangu: nikifika, kwanza napima ukuta mmoja mfupi kwa tepu na kwa leza. Vikilingana, naendelea. Visipolingana, natazama alama ya mwanzo wa kipimo kabla ya kitu kingine. Kwenye kioo na vigae vinavyong'aa pia usiiamini. Weka karatasi nyeupe uilenge hiyo. Na usimruhusu mtoto wa mwenye nyumba kuichungulia nukta machoni.

Simu zina programu za kupimia, na tangu iPhone 12 Pro ya mwaka 2020 baadhi ya simu zina sensa ya leza ndani yake inayofika takriban mita 5. Inachora ramani ya chumba kwa dakika chache, na mchoro huo una faida ya kuonyesha mpangilio. Lakini namba zake usiziandike kwenye tangazo.

Kwa nini sentimita zina uzito hivi? Chukua chumba cha mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20. Kosea sentimita 20 kila upande, jambo rahisi sana kwa hatua za miguu, utapata 4.2 kwa 5.2, ambayo ni 21.84. Umemwongezea mnunuzi zaidi ya asilimia 9 ya chumba kisichokuwepo. Tena sema unapima wapi. Nyumba ya mita 10 kwa 12 kwa nje ina mita za mraba 120. Kuta zikiwa na unene wa sentimita 20, ndani yake hubaki 111.36 kabla hata hujatoa kuta za katikati. Tofauti hiyo inakaribia chumba kidogo cha kulala. Muuzaji atakutajia ya nje, mnunuzi atafikiria ya ndani, na wewe uko katikati. Andika ni ipi.

Kwa viwanja, weka kando vyote vitatu. GPS ya simu hukosea kwa takriban mita 5 hata chini ya anga wazi, na zaidi ya hapo karibu na miti au majengo marefu. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 ni mita za mraba 600. Upande wa 20 ukisomeka 25, unatangaza 750, yaani robo nzima ya kiwanja umeitoa hewani. Mipaka ni kazi ya mpima ardhi aliyeidhinishwa na mawe yake ya mpaka. Simu ikusaidie kumfikisha mteja kiwanjani, basi. Na ukibadilisha vizio, kumbuka ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047 na hekta ni 10,000. Nimeona matangazo yanayovichanganya viwili hivi kana kwamba ni kitu kimoja.

Uamuzi wangu: anza na tepu nzuri leo, ongeza leza ya kawaida ukipata kamisheni ya kwanza. Tepu haitastaafu. Leza haipimi vizuri upana wa fremu ya mlango.

Daftari, jedwali au programu ya wateja

Daftari halihitaji chaji wala nywila, na mteja akiona unaandika anachosema huzungumza zaidi. Kasoro yake ni moja na ni kubwa: huwezi kutafuta ndani yake. Ukiwa na wateja 15 utakumbuka ukurasa. Wakifika 60, yule aliyekuambia "nipigie baada ya miezi mitatu, mkataba wangu wa pango utakuwa umekwisha" hupotea, na ikifika mwezi wa tatu anapigiwa na mwenzako.

Jedwali la Excel au Google Sheets hutafutika na kupangika. Langu lina safu saba: jina, simu, anachotafuta, ukomo wa bajeti, alivyonipata, tulichozungumza mara ya mwisho, na tarehe ya kumrudia. Safu hiyo ya mwisho ndiyo roho ya jedwali. Kila asubuhi nalipanga kwa tarehe hiyo na watu wa leo wanapanda juu. Kati ya hayo mawili mimi hupendelea Google Sheets, kwa kuwa huhifadhi matoleo ya nyuma. Ukifuta kazi ya wiki kwa bahati mbaya unairudisha. Excel iliyo kwenye kompyuta moja tu huondoka na kompyuta siku inapoibiwa.

Programu za kutunza wateja, kama HubSpot na Zoho ambazo zote zina toleo la bure, hufanya yote hayo na kuongeza vikumbusho, historia ya barua pepe, na kuonyesha nani katika ofisi anamshughulikia nani. Jambo hilo la mwisho ndilo hasa la kununulia. Mkiwa watatu na mteja mmoja akapigiwa na nyote asubuhi moja, ataamini kwamba hamzungumzi. Lakini ukiwa peke yako, programu hizi hudai ujaze visanduku vingi kwa kila mtu, na dalali aliyechoka huacha baada ya wiki mbili. Usihamie huko kabla jedwali halijakushinda.

WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, haichukui nafasi ya rekodi, ingawa wengi huifanya hivyo. Lebo za wateja, majibu ya haraka na katalogi ni vitu vizuri sana. Ila jambo moja lijue: orodha ya matangazo (broadcast list, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi) hufikisha ujumbe kwa waliohifadhi namba yako tu, na haipokei zaidi ya watu 256. Kama umetangaza nyumba kwa mamia na hakuna aliyejibu, yawezekana hakuna aliyepata. Mwombe mteja ahifadhi namba yako mkiwa mmesimama pamoja, kabla hamjaagana.

Chochote utakachochagua, nakala za vitambulisho na hati za watu zisikae kwenye matunzio ya picha za simu pamoja na picha za harusi. Ziwe kwenye folda yenye nywila, zifutwe biashara ikiisha isipokuwa zile ambazo sheria ya mahali pako inakutaka uzitunze. Watu wametukabidhi siri zao.

Simu au kamera kubwa

Ubishi huu nimeusikia mara nyingi, na jibu langu limebadilika kwa miaka. Zamani ningesema kamera. Sensa ya kamera kubwa, ile sehemu ya ndani inayonasa picha, ina milimita 36 kwa 24, eneo mara kumi na zaidi ya ile ya simu nzuri, kwa hiyo hukusanya mwanga mwingi na vivuli vyake havina chenga. Tatizo la picha za ndani ni dirisha: ukiangaza chumba, dirisha linageuka shuka jeupe, ukiokoa dirisha, chumba kinakuwa pango. Mwenye kamera hupiga picha tatu au tano za mwangaza tofauti juu ya stendi ya miguu mitatu, kisha huziunganisha kwenye kompyuta. Simu za sasa hufanya muunganiko huo zenyewe kwa sekunde moja. Si kwa ubora uleule, lakini kwa tangazo litakalotazamwa kwenye skrini ya simu, tofauti hiyo wanunuzi wengi hawaioni.

Kwa hiyo kwa dalali anayeanza: simu, pamoja na stendi. Hiyo stendi ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha simu. Inaondoa mtikisiko, inakulazimisha kuchagua pembe, na inashika kimo kilekile chumba hadi chumba. Weka lenzi kwenye kimo cha kifua, karibu mita 1.2 hadi 1.4, na usiielekeze juu wala chini, la sivyo kuta zitaonekana zinaanguka. Washa mistari ya gridi, linganisha pembe ya ukuta na mstari. Futa lenzi kwa kitambaa laini. Mafuta ya vidole ndiyo ukungu unaouona kwenye matangazo mengi. Mwanga wa mchana ukitosha, zima taa, kwa sababu balbu ya rangi ya manjano na mwanga wa dirisha kwenye picha moja huupa ukuta mweupe rangi mbili. Kabla ya kubonyeza, ondoa picha za familia, dawa za mezani, na barua zenye majina.

Kamera kubwa inunue ukishaona nyumba unazouza zinadai picha za kuchapishwa kwenye mabango au vijitabu, au ukipenda upigaji picha wenyewe na uko tayari kujifunza. Nje ya hapo, mlipe mpiga picha kwa zile nyumba mbili tatu za thamani kubwa.

Kinachonihuzunisha zaidi ni lenzi pana mno. Lenzi ya pili ya simu nyingi ni sawa na milimita 13 kwa kipimo cha kamera kubwa, ilhali ile kuu ni kama 24 hadi 26, na namba ikiwa ndogo lenzi huona pana zaidi. Ile ya 13 hukifanya chumba cha hatua nne kionekane ukumbi. Tangazo linapata simu nyingi, kweli. Kisha mtu anasafiri, anafungua mlango, na uso wake unashuka kabla hujasema neno. Kuanzia hapo anatafuta uongo mwingine. Kama chumba ni kidogo, simama mlangoni au kwenye kona utumie lenzi kuu. Kama hakienei, piga picha mbili.

Droni na kamera za duara

Droni ni ya shamba, kiwanja kikubwa, nyumba iliyo karibu na maji au mlima: mahali ambapo mazingira ni sehemu ya bei. Kwa nyumba iliyobanana na nyingine haikusaidii, na majirani hawafurahi kuchunguliwa uani. Wauzaji watakuambia kwamba ya chini ya gramu 250 haina masharti. Msamaha huo mara nyingi ni wa wanaorusha kwa kujifurahisha. Wewe unarusha kwa biashara. Marekani, kwa mfano, tangu 2016 anayerusha kwa biashara anahitaji cheti, hata droni ikiwa na uzito huo mdogo. Ulizia mamlaka ya anga kabla ya kulipa. Mimi hukodi mrushaji mwenye kibali, na mara nyingi hiyo ndiyo njia ya busara.

Kamera za duara, kama Ricoh Theta iliyoanza 2013 au Insta360, huonyesha chumba pande zote kwa mbofyo mmoja. Nikilazimishwa kuchagua moja kati yake na droni, nitachukua hii. Mnunuzi aliye mbali anageuza picha anavyotaka, anaona na kona ambayo mpiga picha angeificha. Kwa wateja wanaonunua wakiwa nchi nyingine, ni heshima kubwa kwao.

Vya mfukoni na vya kwenye gari

Pawabenki: ya 10,000 mAh (kipimo cha chaji inayobeba) huingia mfukoni, ya 20,000 ni nzito kama tofali dogo lakini inamudu siku nzima ya kuzungusha wateja. Usihesabu namba yote iliyoandikwa. Kinachofika kwenye simu ni karibu theluthi mbili, kwa sababu ya upotevu wa kubadilisha volti. Ile ya 20,000 ina takriban Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati), chini ya ukomo wa Wh 100 ambao mashirika ya ndege huruhusu kwenye mkoba wa mkononi.

Funguo: kisanduku cha kutundika chenye namba za kuzungusha ni rahisi na hakina betri, ila kila uliyempa namba anabaki nayo hadi uibadilishe. Cha Bluetooth hutunza kumbukumbu ya nani alifungua saa ngapi, na unaweza kumpa fundi ruhusa ya saa moja. Nyumba ikiwa na vitu vya watu ndani, chukua cha pili. Kwa vyovyote, usiandike anwani kwenye lebo ya ufunguo. Andika namba, na anwani zake zikae kwenye daftari lililofungiwa.

Tochi ya kweli ni bora kuliko ya simu chini ya sinki na juu ya dari, kwani simu utaitaka kwa picha.

Kipima unyevu nakitaja kwa tahadhari. Cha sindano mbili hupitisha umeme mdogo kwenye mbao. Mbao zikizidi asilimia 20, hatari ya kuoza ipo. Kisicho na sindano hakiachi matundu kwenye fremu za mtu, na kwa dalali nadhani ndicho chenye adabu. Lakini kwenye lipu na matofali namba za vyote viwili ni za kulinganisha tu, na chumvi iliyo ukutani hupandisha usomaji hata pakiwa pakavu. Kitumie kujua wapi pa kuuliza swali: ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya peke yake, kona inayonuka ukungu. Hukumu mwachie mkaguzi wa majengo. Dalali anayetoa hukumu ya ufundi amejitwika mzigo usio wake.

Kikokotoo au jedwali kwa hesabu za mkopo

HP 12C ilitoka mwaka 1981 na bado inauzwa, jambo la nadra kwa kifaa cha umeme. Ina vitufe vitano vya mkopo: idadi ya vipindi, riba, thamani ya sasa, malipo ya kila kipindi, thamani ya mwisho. Ukijua vinne, inakupa cha tano. Uzuri wake ni kwamba mko mezani, mteja anauliza "na kwa miaka 15?", unajibu kabla hajamaliza kunywa maji. Jedwali hufanya hesabu ileile kwa fomula ya PMT (ya malipo ya kila kipindi), bure, na unaweza kumtumia mteja akaikagua nyumbani. Naliona jedwali ni bora kwa sababu hiyo ya kukaguliwa.

Cha muhimu ni uifanye mbele yake. Mkopo wa 100,000 wa fedha yoyote, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka na miaka 20, hulipwa 1,101.09 kila mwezi. Jumla inapita 264,000. Mteja akiiona namba hiyo kabla ya kusaini, huenda akachagua nyumba ndogo zaidi, nawe ukapata kidogo. Mwonyeshe vilevile.

Vitabu

Nitavitaja vile ambavyo nimevisoma zaidi ya mara moja. Vyote viliandikwa kwa Kiingereza.

Cha kazi yetu moja kwa moja ni The Millionaire Real Estate Agent cha Gary Keller, Dave Jenks na Jay Papasan, cha mwaka 2004. Keller ni mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Keller Williams huko Texas mwaka 1983. Nguvu ya kitabu ni kuuona udalali kama biashara yenye hesabu: wateja wapya, nyumba ulizokabidhiwa kuuza, na watu au mifumo ya kukuongezea mikono. Msisitizo wake juu ya kutafuta wauzaji kwanza, badala ya kuzunguka na wanunuzi, umenisaidia sana. Udhaifu wake ni kwamba kimejengwa juu ya soko la Marekani, lenye hifadhi za pamoja za matangazo na kamisheni za kugawana. Chukua mbinu ya kuhesabu, acha namba zake.

Weka kando yake SPIN Selling cha Neil Rackham, cha 1988, kilichotokana na uchunguzi wa mazungumzo ya mauzo yapatayo 35,000. Hakizungumzii nyumba hata kidogo. Hoja yake ni kwamba katika mauzo makubwa mbinu za kubana mteja ili akubali haraka hufanya kazi vibaya kuliko maswali mazuri: hali yake ikoje, nini kinamsumbua, kinamgharimu nini, kikitatuliwa atapata nini. Kama unaanza na huna hata mteja mmoja, soma Keller kwanza. Kama unao wateja wengi lakini wanaishia kusema "tutawasiliana", soma Rackham.

Kwa majadiliano ya bei, viwili vinapingana kwa njia yenye faida. Getting to Yes cha Roger Fisher na William Ury, cha 1981, kinakufundisha kutenganisha mtu na tatizo, na kutafuta haja iliyo nyuma ya msimamo. Muuzaji aliyeng'ang'ania bei huenda haja yake ni tarehe: anataka fedha kabla shule hazijafunguliwa. Never Split the Difference cha Chris Voss, aliyekuwa mpatanishi wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, katika visa vya mateka, cha 2016, kinaanzia kwenye hisia: rudia maneno ya mwisho ya mwenzako, taja kwa sauti kile anachohisi, uliza "nifanyeje hivyo?" badala ya kukataa. Cha Voss kinasomeka haraka na kinafaa kesho asubuhi. Lakini dalali husimama kati ya watu wawili ambao huenda watakuwa majirani, na kwa nafasi hiyo Fisher na Ury wanatufaa zaidi. Ukiweza kununua kimoja tu, kiwe hicho.

Influence cha Robert Cialdini, cha 1984, kinaeleza kwa nini watu husema ndiyo, na uhaba ni mojawapo ya sababu zake. Kinaweza kutumiwa vibaya kuliko vyote. "Kuna mtu analeta fedha kesho" ikiwa ni kweli, ni haki ya mteja kuambiwa. Ikiwa ya kutunga, umemwibia usiku wake wa kufikiri. Nakisoma kwa ajili ya kujilinda mimi na wateja wangu.

Usisahau kitabu kimoja cha uthamini, hata kama si mthamini. Chochote kinachoeleza vizuri njia tatu, yaani kulinganisha na mauzo ya karibu, gharama ya kujenga upya, na mapato ya pango, kitakuwezesha kumjibu muuzaji anayetaka bei ya jirani bila kuwa na nyumba ya jirani.

Na hapo kwenye kununua, vitabu vya majadiliano chukua hata vya mkono wa pili, vyenye mistari ya penseli ya msomaji aliyetangulia. Vya sheria ya ardhi, kodi na mikataba ya pango, nunua toleo la mwisho tu, na kabla ya kulinukuu mbele ya mteja tazama ukurasa wa mwaka wa kuchapishwa, kisha umuulize mwanasheria kama kifungu hicho bado kinasimama.